MREJESHO: Wanafunzi wangu na insha ya "Siku Nisiyoisahau"

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu kidato cha pili wangu. Nikiwapa "Siku Nisiyoisahau", wote wanaandika ajali ile ile: jogoo anawika, basi linapinduka, "nilipozinduka nikajikuta hospitali", halafu asiyesikia la mkuu. Mdau mmoja akasema niachane na kichwa hicho. Kila mtoto aje na kitu kimoja cha nyumbani, amsimulie mwenzake kwanza, ndipo aandike.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wengine walileta kalamu, eti ndicho kitu chenyewe.

Ila binti mmoja wa nyuma, asiyeongea kabisa, alileta mfuniko wa ndoo ya maandazi. Akaandika alivyokula shilingi 500 ya mauzo, akamwambia mama imedondoka njiani. Mama hakugomba. Alihesabu maandazi yaliyobaki mara mbili, akafunika ndoo. Nikamuuliza tu, "Alifunikaje?" Akaongeza: "Taratibu, kama ndani kuna mtoto amelala." Funzo hakuliandika, nami sikumdai.

Sasa kimbembe ni kusahihisha. Tumezoea utangulizi, kiini, hitimisho. Yeye hitimisho hana. Nimempa 13 kati ya 15, na mwalimu mwenzangu ananuna kwamba napendelea. Bado daftari zaidi ya 40 ziko mezani. Mwenye mbinu ya kuzimaliza bila kukesha, tafadhali.