Stata ipi kwa kizungushio cha awali cha rota ya jairoplani: ya koili, ya sumaku, au tuchukue nguvu ya injini?

Kipanga wa Menengai (Nakuru)
Wanajukwaa, salamu. Ninajenga jairoplani (ndege ndogo inayobebwa na mapanga ya juu yanayozungushwa na upepo) ya kiti kimoja, yenye rota, yaani hayo mapanga ya juu, ya mapanga mawili, kipenyo mita 7, na uzito wa mapanga yote mawili ni takriban kilo 30. Ningependa rota ifikie mizunguko 150 kwa dakika kabla sijaanza kukimbia uwanjani, kwa kuwa hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi hurefusha mbio za kurukia. Nina stata mbili (mota za umeme za kuwashia injini ya gari) za kuizungushia: moja ni ya zamani, nzito, ya koili (usumaku wake hutokana na waya uliosokotwa), nyingine ni ya gari dogo la Kijapani, ya sumaku za kudumu, yenye gia za kupunguza mwendo ndani yake, kilowati 1. Ipi inafaa?

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Ndugu Kipanga, mimi ningeiweka kando ile ya koili. Nguvu yake kubwa hutoka ikiwa bado imesimama, jambo linalofaa kuamsha injini, lakini rota haigomi mwanzoni. Hugoma baadaye, hewa inapoanza kuikaba. Tena stata ya namna hiyo ikikosa mzigo huweza kuongeza mwendo hadi ikajiharibu. Ya sumaku ina kikomo chake, hivyo uwiano wa gia unapangika mapema: pinioni (gia ndogo ya stata) ya meno 9 ikizungusha gia ya meno 120 iliyo kwenye rota, mizunguko 2,000 ya pinioni huipa rota 150. Adui wake ni joto, maana sumaku iliyopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu isirudi.

Mwalimu wa Fizikia (Kakamega)
Tupige hesabu. Tukichukulia kwamba uzito wa mapanga hayo umesambaa sawasawa, yanahitaji takriban kilojuli 15 ili yafikie mizunguko 150, na kilojuli 27 ili yafikie 200, kabla hatujagusa ukinzani wa hewa. Ukinzani wenyewe ni mkali, kwa sababu ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya kuushinda hupanda mara nane. Stata ya kilowati 1 itatumia sekunde 15 kwa uzito peke yake, na zaidi ya hapo hewa ikidai haki yake, ilhali imeundwa kusukuma kwa sekunde chache kisha ipoe. Kwa hiyo msiulize ina nguvu kiasi gani. Ulizeni itavumilia joto kwa muda gani. Hewa nyepesi ya Nakuru inakupunguzia ukinzani kidogo ukiwa chini, ingawa angani itaidai rota mwendo mkubwa zaidi.

Rubani Mstaafu (Eldoret)
Mbona hakuna aliyeitetea injini? Jairoplani za viti viwili kama MTOsport huzungusha rota kwa nguvu ya injini kupitia klachi inayobanwa kwa hewa, na mizunguko 200 hufikiwa bila kuichosha betri. Kwa rota nzito sioni njia nyingine ya maana.

Kipanga wa Menengai (Nakuru)
Mzee, nakubali, lakini injini yangu ni ndogo na haina mahali pa kuchukulia shafti. Nitabaki na ya sumaku. Fundi, niifungeje?

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Ifunge wima chini ya gia kubwa, pinioni ikitazama juu, ili uzito wake usaidie springi kuirudisha chini rota inapoipita stata mwendo. Pinioni inayong'ang'ania ndiyo huvunja meno. Kibano kiwe kwenye sehemu inayoinama pamoja na kichwa cha rota, la sivyo meno yatapishana kila unaposogeza usukani. Usiipake pinioni grisi, kwa kuwa vumbi la huko litaigeuza kuwa msasa. Waya nao usiuonee huruma: kwa ampea 200, mita 4 za kwenda na kurudi za shaba ya milimita 16 za mraba hupoteza karibu volti 0.9, lakini za milimita 35 hupoteza takriban 0.4. Swichi iwe ya kushikilia kwa kidole, ikiachiwa ikate.

Mwalimu wa Fizikia (Kakamega)
Nyongeza moja: hakikisha upande wa mzunguko kabla hujachomelea chochote. Kubadilisha nyaya za betri huigeuza mota ya sumaku, lakini klachi ya stata hushika upande mmoja tu, kwa hiyo mota itazunguka na pinioni haitasukuma kitu.