Hoteli za Unguja hutafuta nini kwa mhitimu wa mapokezi?

Mhitimu, Unguja
Asalaam aleikum, wadau. Nimemaliza shahada ya usimamizi wa utalii na hoteli, lakini nafasi nyingi ninazoziona Nungwi, Kiwengwa na Paje zinadai uzoefu ambao aliyetoka chuoni hana. Naomba mnaoajiri mnieleze: mnapomsaili mhitimu, mnataka aweze nini hasa?

Msimamizi wa mapokezi, Kiwengwa
Waalaikumu salaam, mdogo wangu. Masomo ya darasani siyaulizi sana, kwa kuwa cheti kimeshanieleza. Humpa msailiwa tukio: saa nne usiku wanafika wageni wawili ambao nafasi yao ilithibitishwa, na hoteli imejaa. Anayeanza kuilaumu kompyuta hanifai. Ninayemtaka ni yule atakayewaomba radhi na kuwakalisha, akapiga simu hoteli jirani yenye hadhi ileile, akawahakikishia kwamba gharama za teksi na tofauti ya bei ni juu yetu, kisha akayaandika yote katika daftari la zamu ili mwenzake wa asubuhi asianze kuwauliza upya. Uandishi ndio unaowaangusha wengi, na inanisikitisha, kwa sababu kumjibu kwa barua pepe mgeni aliyelalamika ni kazi ya kila siku.

Ofisa rasilimali watu, Malindi (Kenya)
Nakubaliana naye, ila kwangu lugha inatangulia. Waitaliano wamekuwa wageni wakubwa wa Malindi na Watamu kwa miaka mingi, na Kiwengwa nako wapo wengi. Mhitimu anayeweza kumweleza Mtaliano bili yake kwa Kiitaliano, hata kwa sentensi fupi, humpita mwenye alama nzuri anayejua Kiingereza tu. Uliza pia kuhusu msimu, kwa kuwa hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au hufunga wakati wa masika, na anayebakizwa mara nyingi ni yule anayemudu zaidi ya idara moja.

Mhitimu, Unguja
Ahsanteni sana. Mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanya katika usafi wa vyumba, si mapokezi. Je, niyataje?

Msimamizi wa mapokezi, Kiwengwa
Yataje mwanzoni kabisa, na ueleze ulichokuwa ukikifanya, si jina la idara peke yake. Anayejua chumba huchukua muda gani kuandaliwa hatamwahidi mgeni ufunguo saa tano asubuhi ilhali aliyelala humo bado anafunga mizigo.