Bango linasema siku za kazi, getini Jumatano imegeuka wikiendi. Huu si wizi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kampala, nina hasira, mnivumilie.

Kuna sehemu ya kuogelea njia ya Entebbe, jina naliweka kapuni. Bango lao linasema hivi: siku za kazi mtoto 10,000, mkubwa 20,000. Wikiendi mtoto 20,000, mkubwa 35,000. Idd ikaangukia Jumatano. Nikawapakia wanangu na wa dada yangu kwenye taksi, hesabu nimeshaipiga mpaka nauli ya kurudi. Getini kijana ananiambia, "Mzee, leo ni wikiendi."

Jumatano!

Nikamwonyesha bango. Akaninyooshea karatasi iliyobandikwa kwa selotepu chini yake, imeandikwa kwa maka: SIKUKUU NI BEI YA WIKIENDI. Wino bado unang'aa. Idd haijulikani mpaka mwezi uandame, si ndiyo? Yaani sisi tulikuwa tunausubiri mwezi, na wao wanausubiri maka mkononi. Watoto washavua viatu, wanaruka ruka. Utawarudisha nyumbani siku ya Idd? Utalipa, na wanajua utalipa.

Meneja akatoka, ametulia kabisa: "Bosi, hata wazungu kule kwenye theluji wikiendi wanapandisha."

Basi nikampigia shemeji yangu aliyeko Colorado, ambako watu wanateleza kwenye theluji kama hapa wanavyokwenda ufukweni. Ni kweli wanapandisha, tena vibaya. Pale Vail, mlima mmoja maarufu wa kuteleza huko Colorado, tiketi ya siku moja ya viti vinavyokupandisha mlimani, ukiinunua dirishani msimu umechanganya, imevuka dola 300. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, kwa siku moja. (Theluji yetu sisi iko Rwenzori, mita 5,109 pale kwenye kilele cha Margherita, nayo inazidi kuyeyuka. Hakuna kiti cha kukupandisha, ni miguu yako na matope ya bonde la Bujuku.)

Lakini meneja kaacha nusu ya habari. Kule kuna kalenda mtandaoni, kila tarehe na bei yake. Ukinunua mapema unapunguziwa, anayelia ni yule wa dirishani asubuhi ya Jumamosi. Sikukuu zinatajwa kwa tarehe kabla theluji haijaanguka: wiki ya Krismasi, wikiendi ya Martin Luther King mwezi Januari, ile ya Marais mwezi Februari. Pasi za bei nafuu nyingi hazifanyi kazi siku hizo, na unaambiwa kabla hujatoa pesa. Zipo hata pasi za msimu mzima za Jumatatu hadi Ijumaa tu, kwa mtu mwenye nafasi.

Na sababu wanayo. Kiti cha watu wanne cha kisasa kinapandisha watu kama 2,400 kwa saa, Jumanne au Jumamosi ni kile kile. Umeme, waokoaji, mashine za kutengeneza theluji, gharama haibadiliki sana. Jumanne viti vinapanda vitupu, Jumamosi foleni haina mwisho. Kwa hiyo bei inawasukuma wenye nafasi waje Jumanne. Baadhi wanaweka na kikomo cha tiketi, zikiisha zimeisha. Hata hivyo watu wa kule wanalalamika kwamba mchezo umebaki wa matajiri, na siwalaumu.

Sasa huyu wetu kikomo kiko wapi? Tumelipa bei ya juu, tumeingia, watoto wamejaa majini kama mukene (dagaa wetu) kwenye beseni. Bomba moja la kuteleza limefungwa kamba, "linatengenezwa". Karatasi ya usiku mmoja inamsukuma nani aje Jumanne, na mimi nimeisoma nikiwa getini? Mimi bei ya wikiendi siikatai. Nakataa kuambiwa leo ni wikiendi nikiwa nimeshafika.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Wewe unayesema "si ungeenda siku ya kawaida", Jumanne watoto wako shule na mimi niko sokoni Kikuubo nahangaika na wateja. Hiyo bei nafuu ya siku za kazi wamemwekea nani hasa, mtu asiye na kazi? Na aliyeandika kwamba mabasi nayo yanapandisha Desemba, ndiyo, na wao tunawasema kila mwaka.

Sasa naomba kitu kimoja. Risiti yangu imeandikwa "kiingilio" na jumla tu, hakuna bei ya mtoto wala ya mkubwa. Kama ulikuwepo siku hiyo na yako ina maelezo, funika namba yako ya simu, uitume picha hapa. Jumatatu nampelekea meneja, na lile bango nimeshalipiga picha kabla hawajalishusha.