Mbao ya dari imeoza: hii mpya inaweza kulalia ukuta wa korido?

BintiBuruburu
Habari zenu mafundi. Nyumba ya mamangu iko Buruburu, haina ghorofa, paa ni la vigae. Wiki jana niliona ufa kwenye dari ya chumba chake, mwembamba kama unywele. Nikapanda na tochi. Mbao moja ya inchi 6 kwa 2 imeoza upande wa ukuta wa nje. Nilidunga bisibisi ikazama hadi mpini. Juu yake pana tangi la lita 500, maana maji ya mfereji hutujia siku mbili tu kwa wiki. Boya la tangi limekuwa likivuja, nasi tukidhani ni jasho.

Mbao hiyo inatoka ukuta wa nje hadi ukuta mnene wa katikati, ikipita juu ya ukuta mwembamba wa korido. Fundi anasema mbao ya futi 15 haipiti kwenye kitundu cha darini, kwa hiyo ataleta vipande viwili aviungie juu ya ukuta wa korido. Lakini kati ya ukuta huo na mbao zilizo nzima pana nafasi ya kidole. Anataka kuijaza vijiwe na saruji. Mama ana miaka 74 na kitanda chake kiko chini pale pale. Ukuta huo utabeba?

SeremalaKawangware
Dada, mama asilale chumba hicho leo. Kisha fungulia maji ya tangi yaishe yote. Lita 500 ni kilo 500, bado tangi lenyewe. Mengine yatangoja kesho.

Hiyo nafasi ya kidole ndiyo jibu lako. Aliyejenga angetaka ukuta ule ubebe, angelaza mtambaapanya (mbao ya kulala juu ya ukuta) juu yake na kila mbao ingeukalia. Aliuacha chini makusudi, ni wa kugawa vyumba tu. Pima unene wake kwenye fremu ya mlango. Ukitoa plasta ukabaki na inchi 4, mara nyingi ukuta wa namna hiyo umesimama juu ya sakafu, hauna msingi wake. Na huko kwenu chini ni udongo mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Ukiutwika mzigo mahali pamoja, pale penye kiungo, nyufa zitatokea juu ya mlango.

Vijiwe na saruji usikubali kabisa! Vitapondeka, mbao ishuke tena. Kama ukuta ungekuwa na msingi, ningelaza kipande cha 4 kwa 2 juu ya saruji, kirefu cha kukalia mawe matatu, vipande vya mbao vipishane futi 2 na vifungwe bolti. Kwako sioni haja.

Mbao nzima inapita. Aondoe vigae vya safu mbili za chini upande wa nje, aisukume kutoka huko. Nimefanya hivyo mara nyingi, vigae vikishikwa kwa upole havivunjiki. Chukua saipresi iliyokauka na kutiwa dawa ya mchwa, mbichi itajipinda. Kichwa cha upande wa nje kilalie inchi 4 nzima, na kisiguse jiwe; weka karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu, katikati.

BabaTatu_SouthC
Mwangalie fundi asikate ya zamani kabla ya kuegemeza. Wangu alikata kwanza. Mbao ile ndiyo iliyokuwa imeshika mguu wa paa usitanuke nje. Siku ya pili nikaona ufa juu ya ukuta, unaingia ncha ya kisu. Tulipigilia mpya ubavuni mwa ya zamani, tukafunga na paa, ndipo tukakata sehemu iliyooza.

SeremalaKawangware
Baba Tatu amesema kweli. Nguzo mbili, ubao juu na ubao chini, kabari zigongwe polepole hadi dari iache kucheza, basi. Usijaribu kuinyoosha siku hiyo hiyo, utapasua siling bodi. Na tangi lisirudi pale, hata mbao ikiwa mpya.

BintiBuruburu
Asanteni sana. Tangi ni tupu na mama analala sebuleni. Nimepima: inchi 4 na robo pamoja na plasta, kwa hiyo ukuta wenyewe haufiki hata 4. Nimegusa mbao za kulia na kushoto kwa bisibisi, ngumu. Fundi amekubali kuingilia kwenye vigae, na Gikomba nimepata futi 16 iliyokauka. Tangi tunalijengea stendi ya chuma nje, nyuma ya jikoni. Swali moja tu: stendi ya futi 8 itatosha maji yafike bafuni?

SeremalaKawangware
Kwa mfereji na choo, ndiyo. Kwa shawa yatakuja kwa unyonge. Panda hadi 10 kama jirani hatalalamika.