"Mtaalamu" wa kibodi kanidhalilisha mbele za watu, halafu KAFUTA KIDOLE KWENYE SURUALI!!

Kidole_Chepesi (mleta uzi)
Wakuu, nimetoka kudhalilishwa sasa hivi. Mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Mnamjua. Simtaji. Yule "mtaalamu" ambaye hakuna mkusanyiko wa vijana wa kompyuta hapa Dar anaoukosa, anayesikiliza swichi, vile vidude vilivyo chini ya kila kitufe cha kibodi, kafumba macho. Huyo huyo.

Nimejenga kibodi yangu ya vitufe 87, swichi za linia nyekundu, zile zinazotaka uzito wa gramu 45 tu kubonyea, zinazoshuka moja kwa moja hadi chini bila kugota katikati wala kupiga kliki. Nimezifungua moja moja, nikapaka mafuta ya kulainishia ya Krytox kwa brashi ya kuchorea, springi nazo nikazipaka, ndani nikalaza sponji. Mgongo umepinda, mke wangu sasa ananiita fundi saa. Lakini sauti yake! Tok, tok, tok, ya chini, nzito, haina mchakacho. Bosi wangu, mtu ambaye hajacheka tangu sensa, alibonyeza Enta mara moja tu akatabasamu.

Leo nimeiweka mezani, watu wanabonyeza, wanasifia. Akaja bwana mkubwa. Hakukaa. Hakuandika hata neno moja. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza spesi. Akaniangalia. Akauliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Kijana, hii umepaka mawese?" Halafu, wakuu, akafuta kidole kwenye suruali.

Spesi! Vitufe vyote 87 vipo, wewe unakimbilia kile ambacho kelele yake ni ya waya wa stabilaiza, ule unaoshikilia kitufe kirefu kisiyumbe, wala si ya swichi! Jaribu A. Jaribu J. Linia unaibonyeza polepole, unasikilizia kama kuna mkwaruzo njiani, kisha unaiachia usikie inavyorudi. Yeye kidole kimoja, spesi, suruali. Mafuta yamo NDANI ya swichi, juu yake kuna kitufe kikavu. Sasa kafuta nini? Kafuta NINI?

Na watu wakacheka. Hata yule niliyemwazima chaja yangu kacheka, na chaja hajarudisha.

Mtu wa hivi anafanywaje?

Bwana_Nukta
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Pimbi_Mjanja
Uzi mzima wa sauti ya kitufe. Kumbe nchi ina raha hivi.

Chuma_Cheusi
Pole mkuu. Ila spesi inagonga, haigongi? Maana nimesoma mara mbili sijaona ulipokanusha.

Kidole_Chepesi
Hoja si spesi. Hoja ni SURUALI.

Chuma_Cheusi
Inagonga. Tuendelee. Hizo nyekundu zimekuja 2008, ni za watoto wa magemu. Ukipumzisha kidole tu imeshaandika "aaaaaaa". Wakubwa tunatumia nyeusi, gramu 60, zipo tangu miaka ya 1980, na zile zilizosagika kazini kwa miaka zina ulaini ambao brashi yako haitaufikia.

Kidole_Chepesi
Mkuu, gramu 60 kutwa nzima ni kuandika au ni mazoezi ya gym? Na huyo bwana wako alikuwa anafuta nini?

Dada_Mapokezi
Nyie mna bahati, mnagombania zisizolia. Ofisini kwetu kuna kaka ana swichi za bluu, kila herufi kliki! kliki! Akiandika ripoti, mteja kwenye simu ananiuliza kama tunaezeka bati. Nimemwambia kistaarabu kabisa, kesho yake akaniletea vizibo vya masikio. MIMI. Kibodi kanunua yeye, wa kuziba masikio ni mimi.

Pimbi_Mjanja
Dada, mfichie waya wake.

Dada_Mapokezi
Haina waya. Inatumia bluetuthi.

Pimbi_Mjanja
Basi hama ofisi.

Mjukuu_wa_Ujiji
Samahanini. Nimesoma hadi hapa nikivumilia. Mawese yamekosa nini? Kwa nini imekuwa tusi?

Kidole_Chepesi
Ndugu yangu, mimi sijatukana mawese. Katukana yeye.

Mjukuu_wa_Ujiji
Wewe ndiye umelalamika kwamba kuambiwa mawese ni kudhalilishwa. Sisi tumelelewa na mawese. Hiyo Krytox yako unaweza kuungia maharage?

Bwana_Nukta
😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

Chuma_Cheusi
Tena mawese ya siku hizi yamechakachuliwa. Nilinunua dumu, nusu nzima ya chini maji matupu. Aliyeniuzia alivyokuwa anaapa, hadi nikamwonea huruma.

Mjukuu_wa_Ujiji
Hukununua Kigoma, ulinunua njiani. Mawese ya kweli kukiwa na baridi yanaganda, na rangi yake imekolea. Maji yakiwemo utayaona tu.

Dada_Mapokezi
Na ile migebuka, samaki wenu wa Kigoma, inapikwa nayo au inakaangwa kwanza?

Mjukuu_wa_Ujiji
Dada, mkavu unauloweka kidogo, unausafisha, halafu unauunga na mawese, nyanya na kitunguu, ugali wa muhogo pembeni. Usiweke makorokoro mengine.

Kidole_Chepesi
Wakuu, turudi kwenye mada basi. Kidole. Suruali. Mbele za watu.

Pimbi_Mjanja
Mleta uzi, tulia kwanza, watu wanaongea chakula.

Chuma_Cheusi
Mjukuu, dumu la lita 5 unaweza kunitumia Dar?

Mjukuu_wa_Ujiji
Njoo inboksi mkuu.

Dada_Mapokezi
Na mimi.