Mchoro wa mfumo mnauchora wa nini kama hamuupimi?

Wakuu, leo uvumilivu umeniishia.

Chama chetu cha akiba na mikopo kimeletewa mfumo mpya. Mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, wanachama wote wanaufungua kwa pamoja, huyu anaangalia salio, yule analipa rejesho. Unaganda! Mama wa watu anakatwa faini ya kuchelewa wakati hela anayo kwenye simu tangu asubuhi. Na anayesimama dirishani kumweleza ni mimi.

Nikaomba mchoro. Nimeuangalia dakika kumi tu, nikachoka kabisa. Seva moja, thredi 50 (yaani wahudumu wa ndani ya programu, kila mmoja anashika ombi moja kwa wakati), na kila rejesho linashikilia thredi yake mpaka mtandao wa malipo ujibu. Ukijibu kwa sekunde 3, yanapita marejesho kama 16 kwa sekunde. Ukisuasua hadi sekunde 10, yanapita 5! Hata anayetaka kuona salio tu anakwama kwenye foleni hiyohiyo. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, ilitakiwa ifanyike kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu.

Mkataba unasema "mfumo uwe wa haraka, salama na wa kuaminika". Haraka kiasi gani? Kwa watu wangapi? Siku ipi ya mwezi? Pale Carnegie Mellon, Marekani, njia ya kupima usanifu wa mfumo, yaani mpangilio wa sehemu zake, iitwayo ATAM, imeandikwa tangu mwaka 2000: wadau wanakaa na msanifu, wanamtajia tukio lenye namba, mfano marejesho 600 ndani ya dakika moja huku mtandao wa malipo ukisuasua, naye anawaonyesha kwenye mchoro linapita wapi na linakwama wapi. Kisha mnaamua mko tayari kupoteza nini ili mpate nini. Sisi hatukuulizwa hata swali moja.

Sasa waliotuletea mfumo wanataka tuwaongezee hela ya seva kubwa. Jamani, tatizo ni kusubiri! Pokea rejesho, lihifadhi, mjibu mwanachama kuwa limepokelewa, malipo yakamilishwe nyuma ya pazia, na saa ya kupokea ndiyo ihesabiwe kwenye faini. Hayo ni mabadiliko ya usanifu, na wangeyafanya kwa penseli na kifutio.

Kikao nao ni Alhamisi. Kuna aliyewahi kuweka kwenye mkataba kipengele cha kupima usanifu kabla ya malipo ya kwanza? Mlikiandikaje?