Sasa "mwalimu" wetu kafika kwenye asetoni juu ya kioo. ASETONI!

MpigaMsasa (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Mnamjua. Jina silitaji, mods wasije wakanifungia, ila kila aliyewahi kuuliza swali humu kuhusu modeli za plastiki za kuunganisha za magari ya zamani ya Kimarekani ameshajibiwa naye kabla hajamaliza kuandika. Leo dada mmoja mgeni kauliza swali la heshima kabisa: kioo cha mbele cha modeli ya Chevrolet Bel Air ya 1957 kimeingia ukungu mweupe baada ya kukibandika kwa supaglu, afanyeje? Na huyu bwana, mbele ya halaiki, kamjibu: "Pitisha asetoni kwa pamba, kitang'aa."

Asetoni. Kwenye kioo cha polistairini, plastiki ya modeli zetu.

Jamani, asetoni inakula polistairini! Kioo haking'ai, kinalainika, kinashika nyuzi za pamba, kisha kinabaki na mipasuko midogo midogo ambayo hata ukikisugua mpaka wajukuu zako wastaafu haitoki. Na ukungu wa supaglu ulikuwa unatibika kabisa! Ule ni mvuke wa gundi uliokutana na unyevu wa hewani ukaganda juu ya plastiki. Uko juu, haujaingia ndani. Unashika msasa wa maji namba 3000 kwenda juu, unasugua taratibu bila kukandamiza, unafuata na dawa ya kung'arishia plastiki, unaosha, unakichovya kwenye polishi ya sakafu ya akriliki isiyo na rangi, unakiegesha kwenye tishu inyonye tone la chini, unakifunika na bakuli kisishike vumbi. Kesho yake kioo ni kioo. Sasa hakuna kesho yake, maana mtu kasema asetoni.

Na supaglu pale ilitoka wapi? Kwake huyo huyo! Kioo kinabandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya PVA, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno kwenye ukingo wa ndani, basi. Ikikauka haionekani, ikizidi unaifuta kwa pamba yenye maji. Maji, wakuu. Si asetoni.

Nikamrekebisha kwa adabu. Kajibu nini? "Ninyi wa praima na msasa mna muda wa kupoteza, mimi gari naimaliza jioni moja."

Jioni moja! Ndiyo maana mistari ya moldi kwenye mapezi ya nyuma ya magari yake unaihisi kwa kidole ukiwa Mombasa na gari liko Ohio. Jioni moja hata enameli haijaacha kunuka, na rangi ambayo ukiisogezea pua bado inanuka haijakauka, usiiguse, usiibandike tepu. Halafu ile paneli ya alumini yenye mistari kwenye pezi la Bel Air anaipaka nyeupe. Paneli ikipakwa rangi hiyo ni Two-Ten, Chevrolet ya daraja la chini yake, si Bel Air! Na grili ya Bel Air ni ya rangi ya dhahabu, yeye kaiacha na kromu ya kiwandani kama ilivyotoka kwenye boksi.

Hayo yote ningemeza. Asetoni siimezi. Mtu mgeni, kioo kimoja tu kwenye boksi, cha akiba hakuna, anaambiwa apitishe asetoni. Mods, futeni ule ujumbe kabla dada hajafika dukani.

JikiNaKromu

Mleta uzi punguza povu, kibodi inalowa. Mistari yote hiyo kwa ajili ya kioo cha sentimita tano?

Ila kwenye bampa nakuunga mkono, maana bampa za yule bwana zinadondoka zenyewe kwenye picha. Gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki mbili ziungane. Kromu ni utando wa alumini juu ya laka, gundi haifiki kwenye plastiki, inakaa juu tu. Kwangua kromu kwa kisu pale panapogusana, ubavu kwa ubavu, mpaka uone rangi ya plastiki, ndipo ubandike. Kama kromu yote ni mbovu, itumbukize kwenye jiki, inatoka bila ugomvi. Laka ya chini inabaki, hiyo unaitoa kwa dawa ya kusafishia oveni. Suuza kabisa jiki kabla ya dawa nyingine, usizichanganye, mvuke wake ni sumu.

MpigaMsasa

Mkuu kioo si cha sentimita tano, ni SURA ya gari. Kila anayeangalia modeli anaanzia pale. Na kaambiwa asetoni!

Binti_wa_Pezi

Asetoni mnaipigia kelele, na wanaotengeneza seti za modeli kwa plastiki nyekundu mbona hamuwasemi? Huo ndio uhalifu wenyewe. Unapuliza nyeupe juu, inapendeza, kesho imekuwa pinki. Unaongeza koti, pinki. Rangi ya plastiki inapanda kupitia rangi yako, na rangi ya laka ndiyo inaivuta zaidi kwa sababu tina yake, kile kiyeyusho, ni kali. Dawa ni koti la fedha katikati, au praima ya shelaki, ndipo uje na nyeupe. Bel Air ya rangi mbili yenye paa jeupe kwenye plastiki nyekundu bila fedha ya chini ni kazi bure. Wangetoa plastiki nyeupe tu kwa watu wote tukaishi kwa amani.

Pwani_1955

@Binti_wa_Pezi wewe pinki tu unalia. Njoo Tanga mwezi wa nne upulize laka. Koti jeusi linageuka maziwa mbele ya macho yako. Tina inaruka haraka, inapoza bodi, unyevu unaganda ndani ya rangi. Na hao waandika maelekezo wanasema "puliza siku kavu". Kavu ipi wakati wa masika? Ukiweza subiri jua la saa nane mchana. Kopo liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, vuguvugu tu, usiliweke motoni. Puliza makoti membamba, sentimita 20 hivi, mkono usisimame. Ukiwa mbali sana rangi inakauka hewani na bodi inatoka na ngozi ya chungwa. Likishaingia maziwa, pitisha koti jepesi la tina ya kuchelewesha, mara nyingi ukungu unaondoka.

MpigaMsasa

Masika hayana kosa. Masika hayajamwambia mtu atumie asetoni. Turudi kwenye mada.

TairiMla_Rimu

Mada ni moja tu na hakuna anayeigusa: MATAIRI. Vinili ya matairi ya seti za zamani inatoa kilainishi, na kilainishi hicho kinayeyusha polistairini pole pole. Unafungua boksi la miaka mingi, tairi limelala juu ya kioo, na kioo kina alama ya kashata ya tairi iliyozama humo. Asetoni inaua kwa sekunde na muuaji anajulikana. Tairi linaua kimya kimya ndani ya boksi lililofungwa. Ukinunua seti yoyote ya zamani, kitu cha kwanza, kabla hata ya kusoma maelekezo, toa matairi yaweke kwenye mfuko wake peke yake. Na ukijenga, zungushia rimu karatasi ya alumini pale tairi linapokaa.

JikiNaKromu

@TairiMla_Rimu hili la kweli kabisa. Mleta uzi, kioo cha dada huenda kilishaliwa na tairi kabla hata ya supaglu.

MpigaMsasa

Alisema UKUNGU. Tairi haliachi ukungu! Someni swali! Na jibu alilopewa lilikuwa asetoni!

Robo_Inchi

Dada anunue seti nyingine achukue kioo.

Binti_wa_Pezi

@Robo_Inchi anunue ya kipimo gani? Gari halisi la Bel Air ya 1957 lina urefu wa inchi 200. Kwenye modeli ya 1/25, yaani iliyopunguzwa mara 25, ni milimita 203, kwenye 1/24 ni karibu 212. Kampuni ya AMT wanatengeneza 1/25, wenzao Monogram walishika 1/24. Kioo cha moja hakiingii kwenye nyingine hata ukiomba dua. Na wauzaji wanaandika "1/24-1/25" kwenye tangazo kana kwamba ni kitu kimoja. Hao ndio wa kufungiwa.

Mustang289

Naona mnapoteza muda na Chevrolet. Fungua boneti ya modeli za yule bwana muone. Mustang ya 1965 kaipaka injini ya buluu! Buluu ya Ford ilikuja 1966. Injini ya 289 ya 1965 ni nyeusi, vifuniko vya valvu na chujio la hewa rangi ya dhahabu. Na distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, kaiweka nyuma. NYUMA! Ford hiyo distribyuta iko mbele.

Pwani_1955

Nyuma ndiko inakokaa kwenye injini ya heshima. 283 ya Chevrolet, ya rangi ya machungwa, distribyuta imejibanza kwenye ukuta wa kabini. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, unazunguka kama saa. Silinda 1-3-5-7 upande wa dereva (kwa Mmarekani ni kushoto), 2-4-6-8 upande wa abiria. Hata mtoto anakariri.

Mustang289

Ya Ford ni 1-5-4-2-6-3-7-8 na inazunguka kinyume cha saa. Nayo inakaririka, tatizo watu hawataki.

Robo_Inchi

Waya wa plagi unene gani? Watu wanaweka waya wa simu, injini inakuwa na mabomba ya maji.

Pwani_1955

Waya halisi milimita 7, gawa kwa 25, ni 0.28. Tafuta 0.3, ukizidi hapo unaharibu. Toboa kofia ya distribyuta kabla hujaipaka rangi, matundu manane pembeni na moja katikati la koili, na anza kila tundu kwa ncha ya sindano ili drili isiteleze.

MpigaMsasa

Wakuu. Asetoni.

Robo_Inchi

@Mustang289 kwa Ford naanzia wapi, silinda namba 1 iko upande gani?

Mustang289

Upande wa abiria (kulia), ya mbele kabisa. Moja mpaka nne zinarudi nyuma upande huo, tano inaanza mbele upande wa dereva. Usizibandike waya zote kwa mpigo. Weka ya katikati ya koili kwanza ikauke, maana hiyo ikitoka zote zinatoka nayo.